Mluzi wa Rimoti

Mwanakheri aliitengeneza ndege yake ndogo ya rimoti macho yake yakiwa bado yanaona. Siku ya kuirusha ilipofika, yalikuwa yamekwishaingia giza. Akapanda kilima ameshika bega la mdogo wake, Shaweji, na kule juu akanyoosha mkono.

"Nipe rimoti."

"Dada, utaibamiza. Hii haina injini."

"Nipe, Shaweji."

Akampa, kisha akairusha ndege hewani kwa shingo upande. Ndani yake mlikuwa na kidude cha kupima kimo, nacho kilizungumza kupitia rimoti kwa mluzi: ndege ikishuka, sauti nzito, ikipanda, sauti nyembamba. Mluzi ulianza mzito, ukazidi kuwa mzito. Shaweji akafumba macho kusubiri kishindo.

Mwanakheri akagusa kijiti cha rimoti kidogo tu, kama mtu anayeonja chumvi. Mluzi ukasita, ukawa mwembamba. Papo hapo akaanza kuizungusha ndege, duara juu ya duara, ndani ya hewa ya moto iliyokuwa ikipanda kutoka kwenye mabati ya mji. Miaka yote Shaweji alikitazama kilima kile, wala hakujua kuwa juu yake pana ngazi ya hewa. Mwewe akaja kuzunguka nayo, akaachwa chini.

"Imefika wapi?" Mwanakheri akauliza.

Shaweji akakinga jua kwa kiganja, akatafuta mpaka machozi yakamtoka. Mbingu ilikuwa tupu.

"Dada, siioni tena."

"Basi nishike bega," akasema Mwanakheri, na mluzi ukazidi kuwa mwembamba.