Mkono wa Kwanza Kushika Usukani

Haya nilisimuliwa na Nyanzobe mwenyewe, msimu uliopita, tukipepeta mchele.

Siku hizi, mnajua, pampu ya usukani hujifunza mkono wa kwanza kuushika, na haiusahau. Ile ya boti yao ya mbio ilijua mkono wa marehemu mumewe. Sasa binti yao, Kabula, alikuwa amefunga injini kubwa, nayo ikataka silinda kubwa ya kugeuzia, ile inayosukumwa kwa mafuta ya pampu.

“Pampu hii haiiwezi, mama,” fundi akasema. “Utamlisha tembo kwa kijiko cha chai? Kona ya kwanza tu, binti atapinduka.”

“Na mkono wa baba yake?”

“Hauhamishwi.”

Nyanzobe akaipapasa pampu ya zamani. “Haya, weka mpya.”

Fundi alipomaliza, akaenda kumwita Kabula aje awe wa kwanza kuushika usukani. Huku nyuma Nyanzobe, kwa uchungu, akaukumbatia usukani ule, akalia mpaka mikono ikamtetemeka.

Jioni Kabula alirudi kutoka ziwani amenuna. “Mama, usukani unatetemeka kila kona. Sijui fundi kafanya nini.”

“Labda utatulia,” mama akajibu, na moyo ukamsuta.

Kabula akalala mapema, maana mbio zilikuwa kesho yake. Nyanzobe akajilaza kando yake, mikono kaibana kwapani, akilitafuta neno la kumwambia, hadi usingizi ukamchukua nalo mdomoni.