Kitabu Alichokitaka Tunu

Tunu wa darasa la saba alikuwa amefiwa na mama yake mwezi uliopita. Alipoingia maktaba ya shule, Mwalimu Halfani alimtolea vitabu vitatu vya kuchekesha. Tunu alivisogeza pembeni, akachomoa rafuni kisa cha binti yatima.

"Hicho kitakuliza, mwanangu," mwalimu akasema.

"Najua, mwalimu. Nyumbani kila mtu ananichekesha. Hakuna anayeniambia mtu anaishije baada ya hapo."

Miaka ishirini Mwalimu Halfani alikuwa akiwachagulia watoto vitabu. Leo mtoto alikuwa amemshinda kuchagua, na kifua cha mwalimu kilijaa fahari. Akagonga mhuri, akamkabidhi kitabu kwa mikono miwili.

Tunu hakufika hata mlangoni. Alisimama katikati ya chumba, begi mgongoni, akifunua ukurasa wa pili.