Posho ya Njugu za Hewani

Mimi sikuwepo, ila aliyenisimulia alikuwepo, na huyo hasemi uongo mpaka ashibe.

Kicheche, mwenye ulimi wa asali, aliitwa kutoa ushahidi mbele ya Baraza la Wanyama. Alitaka akabidhiwe njugu zote za ghala la kiangazi, na kila mnyama apewe njugu za hewani badala yake.

"Hazionekani, hazishikiki, hazibunguliwi," alisema. "Mwizi ataiba nini, waheshimiwa?"

Wajumbe wakapiga meza kwa furaha.

Kanga akainua bawa. Alikuwa na vifaranga tisa, na kiangazi kilishabisha hodi. "Wanangu watadonoa nini?"

"Mama, umepitwa na wakati," Kicheche akacheka.

Pimbi, mwenyekiti anayependa posho kuliko usingizi, akainua nyundo apitishe hoja. Kanga akarukia meza.

"Mheshimiwa, kabla hujagonga! Basi posho ya kikao cha leo ilipwe kwa njugu za hewani. Yenu nyote, na ya huyu shahidi."

Nyundo ikabaki juu.

"Jamani, posho isichezewe," akanong'ona Nguchiro kutoka viti vya nyuma.

Pimbi akamgeukia Kicheche. "Shahidi, utapokea?"

Kicheche, ambaye mfuko wake ulikuwa wazi tayari, akatikisa kichwa. "Mimi nina safari ndefu, mheshimiwa. Nipeni zile za kutafuna."

Nyundo ikashuka: hoja imekataliwa. Ufunguo wa ghala akapewa Kanga.

Nasikia Kicheche sasa anatoa ushahidi bonde la pili. Mwenye jamaa huko amwambie: waanze na posho.