Kumbukumbu ya Langoni

Watoto wasiotembea hawakuruhusiwa kuingia kwenye bustani ya michezo, eti kwa usalama wao. Walitiwa akilini kumbukumbu ya kucheza tu, pale pale langoni. Mhudumu alimbandika Kibibi kidude kisogoni, akahesabu hadi kumi, akakibandua.

"Tayari, mama. Ameshacheza siku nzima."

Salha akakigeuza kiti cha magurudumu, roho ikimuuma. Njia nzima bintiye alisimulia, macho yakimng'aa: farasi wa kuzunguka, bembea kubwa, jinsi alivyokimbizana na wenzake mpaka kiatu kikamvuka.

"Eh, mwanangu, nilikuona," Salha akaitikia.

Nyumbani akambeba, akamlaza kitandani. Kibibi akaitazama miguu yake.

"Mama, si uliniona nikikimbia? Mbona ile miguu tumeiacha kule?"