Shati la Bwana Shomari

Makame, mpogoa miti, alikuwa amekaa kwenye panda la mzambarau, kamba kiunoni. Paka alikuwa mbele yake, juu ya kijitawi kisichoweza kumbeba mtu mzima hata kwa dua. Chini kulikuwa na sakafu ya saruji.

"Siwezi kumfuata, itabidi aje mwenyewe," aliwaambia watu waliokusanyika. "Paka hufuata harufu ya mtu anayempenda. Nipeni nguo yake, isiyofuliwa."

Bi Mwanaidi, mwenye paka, alivua kanga ya begani, ikapandishwa kwa kamba. Paka akainusa, akapiga chafya, akazidi kurudi nyuma. Tawi likalia.

"Jirani, mbona mwanao anakukana?" mtu mmoja akamchokoza.

"Anaishi na nani mwingine?" Makame akauliza.

Bi Mwanaidi akamgeukia mumewe. Bwana Shomari ndiye aliyekuwa akitangazia mtaa mzima kwamba ipo siku atamtia paka huyo kwenye gunia akamtupe sokoni.

"Msinitazame," akasema. "Mimi na huyo hata salamu hatupeani."

Tawi likalia tena, kwa nguvu zaidi. Bwana Shomari akaanza kufungua vifungo vya shati.

Shati lilipofika juu, paka alilia mara moja, akatambaa mbio, akajichomeka kwenye mkono wa shati mpaka ukabaki mkia. Makame akamfunga humo humo, akaanza kumteremsha kwa kamba.

"Kumbe!" Bi Mwanaidi akasema, na mtaa mzima ukaangua kicheko.

Bwana Shomari hakuwasikia. Alikuwa amesimama na fulana yake yenye matundu, mikono yote miwili juu, na furushi bado liko mbali.