Kofia ya Kuapia

Siku ya tatu tangu Steponas aondolewe kwenye uwaziri na kurudi mji wa kwao, mlango wake uligongwa kwa mara ya kwanza. Alijua ni askari. Akabeba kibegi alichokwisha kukifunga, akafungua.

Alikuwa Anupras, jirani yake, ambaye hakuwa akimsalimia tangu sheria ya ardhi ya Steponas ilipomega nusu ya shamba lake.

"Bwana Waziri, nyuki wangu wamehama," alisema, macho chini. "Wametua kwenye mtufaha wako."

Steponas aliweka kibegi chini. Katika mji ule nyuki hawakuuzwa. Bumba la nyuki likitua kwa jirani huwa la wote wawili, na wenye bumba moja hawawekeani kinyongo mpaka kaburini. Anupras angeweza kunyamaza tu, nyuki wakaenda zao.

"Umekuja na kikapu?"

"Kwa haraka nimekisahau."

Steponas akaingia ndani, akatoka na kofia ndefu nyeusi ya hariri, ile aliyoivaa siku ya kuapishwa. Anupras aliitazama kwa muda.

"Hiyo itanuka nta maisha, jirani."

"Na inuke."

Anupras akalitikisa tawi, bumba likaporomoka lote ndani ya kofia. Steponas akacheka mpaka akajishangaa.

Wakavuka barabara kuu polepole kuelekea kwenye mzinga wa Anupras, kila mmoja ameshika ukingo wake, kofia nzito ikivuma katikati yao, na mapazia ya madirishani yakifunguka moja baada ya jingine.