Nguva ya Injini Nane

Kishindo cha mbao kuvunjika ndicho kilichomtoa Husain kitandani. Alishika ukuta, akapita ukumbini bila ndara, akafika uani akitweta. Nguva, ndege yake ya mbao, ilikuwa chini. Bawa la kushoto limekatika, pua imebonyea, injini zimetawanyika hadi kwenye karo la kufulia.

Mkewe, Dilshad, alikuwa amesimama mlangoni, mkono kifuani.

"Nani?" Husain aliuliza.

"Kornelio. Nimemwona akitoka kwa mlango wa uani."

Nguva ilikuwa mfano wa ndege ambayo haijawahi kuwepo duniani. Husain, aliyeuza rangi na misumari mjini Lindi mpaka miguu ilipochoka, aliiwaza mwenyewe. Utotoni alisikia kwa babu yake habari za ndege za Waingereza zilizokuwa zikitua juu ya maji pale ghubani. Akajiuliza: ingekuwaje kama jeshi letu lingekuwa nayo moja, kubwa kuliko zote, ya kumeza kikosi kizima na magari yake, ilale Lindi na ishuke Kilwa au Sudi bila kuhitaji uwanja? Akaichora, kisha akaichonga kwa mbao za msufi, akaipaka kijani cha jeshi na bendera ya taifa mkiani. Kazi hiyo ilikula miaka. Ilipokwisha, aliitazama siku chache, akaingia chumbani kulala, asitake tena kuinuka.

Kornelio, mchonga vinyago wa mtaa wa pili, ndiye aliyemsaidia kuchonga mapangaboi ya injini. Walikuwa marafiki tangu ujana.

Asubuhi ileile Husain alivaa kanzu, akachukua fimbo, akaenda kumkabili. Alimkuta kibandani kwake akipiga msasa.

"Umeivunja ndege yangu?"

Kornelio alipuliza unga wa mbao. "Mkia wake ulikuwa umepinda," alisema. "Uliniudhi."

Husain alitema mate kizingitini, akageuka. Alifika nyumbani, akaketi mezani.

"Nipe uji," alimwambia mkewe. "Na zile dawa za presha ziweke mezani."

"Leo utazinywa?"

"Nitazinywa. Yule mtu hatanizika. Nitamzika mimi."

Nguva mpya ilianza siku hiyohiyo, kubwa zaidi ya ile ya kwanza. Husain alipanda basi mwenyewe hadi Miteja kutafuta msufi, akagombana na wauza mbao mpaka wakampa aliyoitaka. Madirisha aliyakata kwenye chupa za plastiki. Kila msumari aliupigilia kama anampigilia mtu. Mkia aliunyoosha kwa uzi, akaupima, akaung'oa, akaanza upya.

Hakuishia hapo. Kila aliyepita barazani aliambiwa kwamba vinyago vya Kornelio si mpingo, ni mti wa hovyo uliopakwa kiwi. Watu waliamini, maana hao wawili walijulikana kuwa chanda na pete. Wateja wakapungua, kisha wakakatika. Kornelio akaanza kurekebisha viti vya watu vilivyovunjika miguu.

"Baba Aliza," Dilshad alisema siku moja, "hiyo ni riziki ya mtu. Muache."

"Nimuache? Si wewe uliyemwona kwa macho yako?"

Dilshad alikwenda kupasha chai.

Rangi ilipokauka, Husain aliitoa Nguva barazani baada ya swala ya Ijumaa. Mabawa yalienea kutoka nguzo hadi nguzo. Injini nane zilimetameta juani. Bodaboda walisimamisha pikipiki, kina mama wakatoka sokoni na vikapu vyao. Kornelio naye alikuja, maana Husain alituma mtu akamwite. Alivaa shati lililopigwa pasi.

"Mnaiona?" Husain alipaza sauti. "Ilikuwepo nyingine. Huyu hapa aliingia kwangu kama mwizi, akaivunja mimi nikiwa nimelala kitandani, mgonjwa. Mtazameni vizuri. Mkimwona karibu na nyumba zenu, fungeni milango."

Mama mmoja alisonya. Mwingine akavuta mtoto wake pembeni. Kornelio aliizunguka ndege taratibu, akapitisha kidole mkiani.

"Safari hii umenyooka," alisema, akaondoka peke yake. Ganda la chungwa lilimpata mgongoni. Hakugeuka.

Husain alicheka mpaka akakohoa. Siku hiyo alikula sahani nzima ya biriani, akaomba nyingine.

Watu waliendelea kuja kupiga picha na Nguva, halafu wakaacha kuja. Husain akaihamishia uani, akaifunika shuka. Hapakuwa na ubao wa kukata tena. Kibanda cha Kornelio kilikuwa kitupu bila mteja, jina lake limechafuka mji mzima, na hapakuwa na jingine la kumfanyia. Asubuhi moja Husain hakuinuka. Kesho yake pia. Uji uliganda kwenye bakuli, vidonge vikabaki palepale, naye akalala ameukabili ukuta.

Dilshad alijitanda mtandio, akapita vichochoro vya nyuma hadi kibandani kwa Kornelio.

"Amelala tena, shemeji," alisema, machozi yakimlengalenga. "Hali chochote. Dawa hagusi. Nikimsemesha hanijibu."

Kornelio aliweka chini mguu wa kiti aliokuwa akiuchonga. Akachukua nyundo, akampa kwa upande wa mpini.

"Basi kaivunje kama ulivyoivunja ile ya kwanza," alisema. "Na safari hii mwambie nilitoka nikicheka."